Kiti cha Gainesville

Siku ya Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, mjini Orlando katika jimbo la Florida, aliketi mbele ya kadamnasi mtu ambaye kwa kipimo chochote cha wasifu hakuhitaji kuombewa shufaa: Santa Ono, mwanasayansi wa elimu ya kinga ya mwili, aliyekwisha kuongoza Chuo Kikuu cha Cincinnati, kisha British Columbia kule Kanada, kisha Michigan, na ambaye juma moja kabla ya siku hiyo Baraza la Wadhamini la Chuo Kikuu cha Florida lilikuwa limemchagua kwa kauli moja, pasi na sauti hata moja ya kupinga, awe rais wa kumi na nne wa chuo hicho. Kilichosalia, kwa fikira ya kila aliyezijua desturi za huko, kilikuwa ni muhuri tu wa baraza lililo juu ya wadhamini. Walakini alihojiwa kwa muda wa saa tatu hivi, akaulizwa juu ya maneno aliyoyasema miaka iliyopita, juu ya mipango aliyoisimamia na ile aliyoifuta, na juu ya kambi ya wanafunzi waliopinga vita vya Gaza katika viwanja vya Michigan. Naye akajibu kwamba fikra zake zimebadilika, na kwamba zile ofisi za Michigan zilizoshughulikia usawa na ujumuishaji wa watu wa asili mbalimbali zilifungwa chini ya uongozi wake mwenyewe. Kura zilipopigwa, sita zilimkubali na kumi zikamkataa.

Jambo kama hilo halikuwa limepata kutokea tangu baraza lililomkataa lianze kazi mwaka 2003, na ubaya wake ulikuwa wa namna mbili. Kwanza, Ono hakuwa tena na mahali pa kurudi, kwani alipotangazwa mwanzoni mwa Mei kuwa ndiye mteule pekee, Michigan haikukawia. Katika siku chache ilikwisha kumweka Domenico Grasso akaimu nafasi yake. Pili, na hili ndilo nililolikusudia hasa, chuo chenyewe hakikuwa na jina la pili la kulitoa. Kamati ilikuwa imetafuta, ikawaita watu faraghani, ikawapima, ikawaaga. Na mwisho wa shughuli yote hiyo ikatokeza hadharani na mtu mmoja tu, ambaye sasa naye amekataliwa.

Msomaji wa Dar es Salaam au wa Mombasa anayo haki ya kuuliza yatuhusu nini hayo. Nitafika huko. Kwanza yafaa nieleze jinsi mamlaka yalivyopangwa Florida, maana kisa hiki hakieleweki pasipo hayo. Rais wa chuo kikuu cha umma nchini Marekani ni yule ambaye Watanzania humwita Makamu Mkuu wa Chuo na Wakenya Naibu Chansela: mtendaji hasa, mwenye kusimamia fedha, walimu, maabara, hospitali na hata timu za mpira, wala si mkuu wa heshima anayevaa joho siku ya mahafali, akatunuku shahada, akaondoka na msafara wake. Chuo cha Florida, ambacho kimekaa katika mji wa Gainesville tangu mwaka 1906, kina wanafunzi wapatao 60,000, idadi ambayo kwetu ingetosha kuwa wakazi wa mji mzima wa wilaya. Juu ya rais lipo Baraza la Wadhamini lenye watu 13: sita huteuliwa na gavana wa jimbo, watano na baraza lililo juu yao, na wawili waliosalia ni mwenyekiti wa seneti ya walimu na kiongozi wa wanafunzi. Juu ya wadhamini liko hilo lililomkataa Ono, liitwalo Baraza la Magavana, ambalo, licha ya jina lake, halina ndani yake mtu yeyote anayetawala jimbo. Ni baraza la watu 17 lenye kuvisimamia vyuo vikuu vyote vya umma vya Florida, na katika hao 17, watu 14 huteuliwa na gavana na kuthibitishwa na seneti ya jimbo. Mwenye kufanya hesabu ataona kwamba mkono wa gavana umo chini na umo juu, ilhali mwalimu na mwanafunzi, ingawa wanavyo viti katika mabaraza yote mawili, kila mmoja wao ni peke yake.

Sisemi kwamba mpango huo ni batili. Chuo ni cha umma, fedha ni za umma, na gavana amechaguliwa na umma. Ni nani basi mwenye haki zaidi ya kusema? Nasema tu kwamba mahali ambapo mkono mmoja umeshika ngazi ya chini na ya juu, mashauriano yanayofanyika katikati yana kazi ngumu ya kumsadikisha mtu kwamba ni mashauriano kweli.

Zamani Florida ilisifika kwa sheria zake za uwazi, zilizotungwa mwaka 1967 na ambazo wenyewe huzinasibisha na mwangaza wa jua, na kwa miaka mingi mtu akiomba urais wa chuo cha umma, jina lake, barua yake na wasifu wake vilikuwa halali kusomwa na yeyote atakayevitaka, awe mwandishi wa gazeti au mkulima wa machungwa. Mwaka 2022 bunge la jimbo likatunga sheria mpya iliyoyasitiri majina ya waombaji wote isipokuwa wale watakaofika duru ya mwisho, na hao wangetajwa angalau siku 21 kabla ya uamuzi. Hoja ya walioitetea sheria hiyo si ya kupuuzwa. Mtu aliye rais wa chuo kingine, walisema, hatathubutu kuomba kazi Florida ikiwa asubuhi ya pili wafadhili wake na wadhamini wake watalisoma jina lake gazetini. Atakaa kimya, na watakaojitokeza watakuwa ni wale wasio na cha kupoteza. Kila aliyewahi kuomba kazi kwa siri huku ameketi katika kazi nyingine anajua ukweli wa maneno hayo.

Lakini sheria haikusema hao wa duru ya mwisho wawe wangapi. Haukupita mwaka, tarehe 6 Oktoba 2022, kamati ya Gainesville ikatoa jina moja: Ben Sasse, seneta wa Nebraska katika bunge la nchi, mwenye shahada ya uzamivu katika historia na aliyewahi kukiongoza chuo kidogo cha binafsi kwao. Siku nne baadaye alipokuja kujibu maswali, wanafunzi kwa mamia waliingia katika jengo, wakaimba na kugonga, hata kikao kilichowekwa kwa ajili ya wanafunzi kikavurugika. Na utawala, badala ya kujiuliza ghadhabu ile imetoka wapi, ukatangaza kuifufua kanuni ya miaka mingi inayokataza maandamano ndani ya majengo. Seneti ya walimu nayo ikakutana kabla ya mwezi kwisha, ikapiga kura ya kutokuwa na imani. Msomaji aangalie kwa makini jinsi walimu wale walivyoipima kauli yao: hawakusema hawana imani na Sasse. Walisema hawana imani na njia iliyomleta. Mtu huenda akawa mwema au akawa dhaifu, na hilo litajulikana kwa kazi yake. Bali njia inayofika kwa mtu mmoja pasipo kumwonyesha yeyote wale waliokuwa kando yake, hiyo imemnyima hata mwenye kuridhika sababu za kuridhika kwake. Wadhamini wakampitisha tarehe 1 Novemba kwa kauli moja. Magavana nao wakamthibitisha mwezi huohuo.

Akaingia ofisini Februari 2023, akajiuzulu Julai 2024, akiutaja ugonjwa wa mkewe, jambo ambalo muungwana hulipokea na kulinyamazia. Lakini mwezi uliofuata gazeti la wanafunzi, The Independent Florida Alligator, likatoa hesabu zilizoshtua jimbo zima: katika mwaka wa kwanza wa Sasse ofisi ya rais ilitumia dola milioni 17.3, ilhali katika mwaka wa mwisho wa mtangulizi wake, Kent Fuchs, ofisi hiyohiyo ilitumia dola milioni 5.6. Miongoni mwa matumizi hayo mlikuwamo karamu moja ya Disemba ambamo meza ya sushi peke yake, yaani ule wali wa Kijapani unaoandaliwa kwa samaki mbichi, iligharimu dola 38,610. Mbali na hayo walikuwapo wasaidizi waliolipwa mishahara minono huku wakiishi mbali na Gainesville, na washauri wa kukodiwa kwa mamilioni. Sasse alijibu kwamba hapakuwa na matumizi yasiyofaa, na kwamba fedha zile zilikuwa za mipango mipya ambayo chuo kilimwajiri aifanye. Msomaji na apime. Mimi lililonistaajabisha zaidi ni kwamba hesabu zile hazikufichuliwa na wadhamini waliomchagua kwa kauli moja, wala na magavana waliomthibitisha, bali na vijana wa gazeti, walioomba stakabadhi na kuzisoma mstari kwa mstari baada ya vipindi vya masomo.

Tena kamati hizi za Marekani zinazotafuta marais wa vyuo aghalabu hazitafuti zenyewe. Huajiri kampuni ambazo kazi yake ni kuwasaka wakuu, na kampuni hizo huwapigia simu watu walioko kazini, huwauliza iwapo wangependa kusikiliza, huwahakikishia kwamba majina yao hayatatoka, kisha huwapangia mahojiano katika hoteli zilizo karibu na viwanja vya ndege, ili mgombea ashuke, apande lifti, ahojiwe na kurudi kwao jioni ileile bila kuonekana na mwenyeji yeyote. Ni shughuli ya posa, na kampuni ndiyo mshenga. Lakini mshenga wa pwani hujulikana na pande zote mbili, hukaa mtaa uleule, amezijua koo na madeni yao, na ndoa ikivunjika kabla ya mwaka ataitwa barazani aeleze alisema nini juu ya tabia za bwana harusi. Mshenga wa vyuo vikuu hulipwa ujira wake, hukusanya makabrasha yake, akaenda jimbo jingine kuanza posa nyingine, mara nyingine akiwa na majina yaleyale mfukoni. Hana jirani wa kumwona haya.

Turudi sasa kwa Ono, maana kisa chake ndicho kilichoipindua hoja ya siri juu chini. Siri iliwekwa, walisema, ili mtu aliye kazini asiipoteze kazi yake kwa kuomba nyingine. Naye Ono alifichwa kwa uaminifu wote hadi siku ya kutangazwa. Hakuna mwanafunzi wa Gainesville aliyejua kwamba anafikiriwa, wala mwalimu wa Michigan aliyejua kwamba anaondoka. Kisha siku moja pazia likafunguliwa, jina likawa moja, na kuanzia saa ile alikuwa ameiacha kazi ya zamani na hajaipata mpya. Hapo ndipo wapinzani, ambao siri iliwazuia wasiseme mapema, waliposema yote kwa mara moja, kwa sauti kubwa, katika muda wa mwezi mmoja: wanasiasa, wanaharakati, watoto wa wakubwa, kila mmoja na kipande chake cha hotuba ya zamani. Lau majina yangekuwa matatu na yangetajwa mapema, maneno hayohayo yangesemwa, sina shaka. Lakini yangesemwa wakati ambapo kusemwa kwake kungekuwa na faida, na mgombea angeweza kujiondoa akiwa bado ana kiti chake, na kamati ingekuwa na wawili wengine wa kuwatazama. Siri haikuyazuia maneno. Iliyachelewesha tu, hadi yakafika siku ya kuua.

Watetezi wa uamuzi wa Juni watasema kwamba baraza la juu lilifanya kazi yake. Kwamba kama kazi yake ingekuwa kukubali tu, basi lisingekuwa na haja ya kuwapo. Ni kweli. Chombo chenye mamlaka ya kukataa lazima siku moja kikatae, la sivyo ni pambo. Lakini kukataa kuna adabu yake. Waliokataa walikuwa na wadhamini wenzao waliokaa na mtu huyo miezi, na wao wakamkataa kwa saa tatu. Na sababu zilizosemwa zilikuwa juu ya imani yake ya siasa na jinsi ilivyogeuka, si juu ya uwezo wake wa kuongoza maabara, hospitali na walimu. Kama hicho ndicho kilichokuwa kipimo, kingeandikwa tangu mwanzo katika tangazo la kazi, watu wakajua, na Michigan ikabaki na rais wake.

Nimesema nitafika kwetu. Hapa Afrika ya Mashariki tulianza kwa njia nyingine kabisa. Hadi mwaka 1970 vyuo vya Dar es Salaam, Nairobi na Makerere vilikuwa sehemu za Chuo Kikuu kimoja cha Afrika ya Mashariki. Kilipovunjwa mwaka huo, kila nchi ikapata chuo kikuu chake, na mkuu wa nchi akawa ndiye mkuu wa chuo. Hapakuwa na tangazo, wala kamati, wala mshenga. Mwalimu Nyerere alimteua Pius Msekwa, kijana wa miaka 35, aliyekuwa mtendaji mkuu wa chama tawala cha TANU na kabla ya hapo Katibu wa Bunge, akamkabidhi Mlima, yaani chuo cha Dar es Salaam. Wapo walimu walionung'unika kwamba amepewa chuo mtu wa chama, na Julai 1971 manung'uniko ya wanafunzi yakawa makubwa zaidi: Symonds Akivaga, Mkenya aliyekuwa kiongozi wa umoja wao, aliandika barua ya wazi kumlaumu Msekwa na utawala wake, akafukuzwa, akaondolewa chuoni na askari, na wenzake wakagoma. Mgogoro ule unakumbukwa hadi leo na waliokuwapo. Lakini uteuzi ule ulikuwa na fadhila moja ambayo kamati nyingi za leo hazina: kila mtu, kuanzia profesa hadi mpishi wa bwaloni, alijua ni nani aliyemteua Msekwa na ni nani wa kulaumiwa akikosea. Mkono ulikuwa mmoja na ulikuwa nje ya joho.

Uganda ilionja ukali wa mpango huohuo kuliko wote. Frank Kalimuzo, Makamu Mkuu wa kwanza wa Makerere baada ya kuvunjwa kwa chuo cha pamoja, alichukuliwa na watu wa Idi Amin mwaka 1972 wala hakuonekana tena. Ilichukua miaka mingi kabla sheria ya mwaka 2001 kuliondoa jambo hili mkononi mwa mtu mmoja, ikasema seneti ya chuo ipendekeze watu watatu, baraza la chuo lichague miongoni mwao, na mkuu wa chuo ateue. Na mwaka 2003 Rais Museveni akaacha ukuu wa Makerere. Aliyemrithi alikuwa Profesa Apolo Nsibambi, msomi mwenye heshima zake, ambaye wakati huo alikuwa pia Waziri Mkuu wa serikali ya Museveni. Mtu anaweza kutabasamu hapo. Hata hivyo ile kanuni ya majina matatu ni kitu cha maana, kwani watatu wakitajwa, watu wa Makerere hujua nani alikuwa nani, hubishana kantini na magazetini kwa wiki nzima, na mshindi akitoka huwa ametoka miongoni mwa watu wanaojulikana.

Nairobi ndiko kisa cha Orlando kilikotangulia kuonekana, miaka mitano kabla. Tangu Kenyatta hadi Moi rais wa nchi alikuwa ndiye mkuu wa vyuo vikuu vyote vya umma, na naibu wake alitoka pale alipotaka yeye. Kibaki alipoingia madarakani aliuvunja utaratibu huo. Mwaka 2003 akamkabidhi Joseph Barrage Wanjui, mfanyabiashara, ukuu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na nafasi ya naibu ikatangazwa iombwe na mwenye sifa. Aliyeshinda, akaanza kazi Januari 2005, alikuwa George Magoha, daktari wa upasuaji, mtu wa kwanza katika historia ya chuo hicho kukifikia kiti kile kwa kushindana. Akakikalia miaka kumi, kwa ukali ambao wanafunzi wake hawatausahau.

Baadaye sheria ikabadilishwa, kazi ya kuwahoji waombaji ikapelekwa Tume ya Utumishi wa Umma, na Januari 2020 tume hiyo ikamtangaza Stephen Kiama kuwa naibu chansela mpya. Siku chache baadaye Waziri wa Elimu akaubatilisha uteuzi huo, akalivunja baraza la chuo na kumweka Isaac Mbeche akaimu. Waziri huyo alikuwa ni George Magoha. Yeye aliyekipata kiti kwa mashindano ya wazi ndiye aliyeyatia ufa mashindano ya wazi, akitoa hoja kwamba sheria ilimpa yeye waziri neno la mwisho. Na huenda hoja yake ilikuwa na mashiko, maana sheria yenyewe ilikuwa imeandikwa kwa namna ya kuwafanya watu wawili waamini, kila mmoja kwa nia safi, kwamba neno la mwisho ni lake. Wiki kadhaa chuo kikuu kikongwe cha Kenya kikawa na wakuu wawili, mmoja mwenye barua ya tume na mwingine mwenye barua ya waziri, na wafanyakazi wa idara ya fedha wakiwa hawajui waende kutia saini wapi. Mahakama ikaingilia kati, na mwishowe Kiama akarudi ofisini.

Nikiviweka visa hivi pamoja, sioni kwamba tatizo ni siasa. Siasa haitaondoka katika chuo kinachokula kodi, na mwenye kutaka iondoke anataka chuo kisicho cha umma. Ninachokiona ni kwamba sisi na Wamarekani tumeyajenga majumba makubwa ya mashauriano, yenye kamati, alama, usaili na makampuni, juu ya ngazi ambayo daraja lake la mwisho halikufikiriwa. Tume ilitoa alama, waziri hakuzitazama. Wadhamini walipiga kura; magavana walianza upya kana kwamba hapakuwa na kura. Na katika kila kisa mwenye neno la mwisho hakudaiwa aandike, kwa wino wake na chini ya jina lake, kwa nini kazi ya miezi ya watu wengine haikumtosha. Kama ningekuwa na sauti katika sheria hizi ningeitaka barua hiyo kabla ya kitu kingine chochote, nami nadhani mikono mingi ingesita kuiandika. La pili ni majina zaidi ya moja. Chuo Kikuu cha Cape Town, ambacho hakijakosa matatizo yake, huwasimamisha wagombea wa mwisho mbele ya jumuiya ya chuo waeleze nia zao na waulizwe, na hakuna aliyekufa kwa hilo. Mwaka 2024 kilimpata kwa njia hiyo Mosa Moshabela, baada ya kipindi kirefu cha ugomvi uliomwondoa mtangulizi wake. Kwamba wenye vyeo wanaogopa kutajwa najua. Lakini mtu asiyeweza kusimama saa moja mbele ya wanafunzi wa chuo anachotaka kukiongoza, akajibu maswali ya kipuuzi na ya maana kwa uso uleule, ataiwezaje miaka mitano ya kazi hiyo?

Hapa Tanzania matangazo ya nafasi hizi huonekana gazetini kila baada ya miaka michache: awe na shahada ya uzamivu, awe profesa, awe na uzoefu wa uongozi, maombi yafike kabla ya tarehe fulani. Husomwa na watu wengi zaidi ya wanaoweza kuomba. Kisha kimya, na baada ya kimya taarifa ya uteuzi, yenye jina moja na tarehe ya kuanza kazi. Walioomba na kukosa husoma habari hiyo kama sisi wengine, asubuhi, pamoja na matokeo ya mpira.

Huko Gainesville, baada ya kura ya Orlando, Kent Fuchs mzee, ambaye tayari alikuwa amerudishwa kukaimu baada ya Sasse, aliendelea kushikilia kiti kwa miezi mingine hadi alipopatikana Donald Landry wa Chuo Kikuu cha Columbia kuja kukaimu tangu Septemba. Landry ni tabibu na mtafiti mwenye sifa kubwa, wala simpunguzii kitu. Lakini chuo ambacho mwezi Mei kilikuwa na rais wa Michigan mkononi, Septemba kilikuwa na kaimu ambaye hakuwahi kuwa rais wa chuo kikuu chochote. Na marais wengine wa vyuo vikubwa, wale hasa ambao sheria ya mwaka 2022 ilitungwa ili kuwavuta, wameyaona yaliyompata mwenzao.